Sauti Isipotee Njiani: Kuunganisha Hedifoni Zisizo na Waya na Kompyuta

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha mafunzo ya kidijitali cha kaunti

Mada ya leo inahusu kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, lakini kinachoweza kumfungia mtu mlango wa kazi au kumfungulia.

Uchukuliwe mfano wa binti mmoja aliyemaliza masomo katika chuo cha ufundi. Anapokea barua pepe ikimwita kwenye mahojiano ya kazi ya kuhudumia wateja kwa njia ya mtandao. Mahojiano ni saa nne asubuhi kupitia Zoom. Anaazima hedifoni zisizo na waya za kaka yake, anaziunganisha na laptopu, anajaribu wimbo mmoja. Sauti ni safi kabisa. Saa nne kamili anaingia mkutanoni. Dakika moja haijaisha, sauti za wanaomhoji zinageuka kuwa kama za redio iliyofunikwa na ndoo. Upande wa pili nao wanalalamika: "Dada, hatukusikii vizuri. Unasikika kama uko ndani ya shimo." Binti anapaza sauti, anavua hedifoni na kuzivaa tena. Baada ya dakika kumi anaambiwa atatafutwa siku nyingine.

Jioni anamrudishia kaka yake hedifoni. "Kaka, hivi vitu vyako vimekufa."

"Vimekufaje, na jana nimetazamia mpira mpaka mwisho?"

Wote wawili wanasema kweli. Hedifoni zilifanya kazi vizuri kwenye mpira na zikafanya vibaya kwenye mahojiano, na hazijaharibika. Hata hivyo binti yuko tayari kumwomba mama yake pesa za chama ili anunue nyingine mpya. Akinunua, tatizo lile lile huenda likamfuata. Mada ya leo inaeleza kwa nini, na ni nini cha kufanya kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa nini jambo hili linahusu kila mkazi

Zamani hedifoni zilikuwa za kusikilizia muziki. Leo ni chombo cha kazi. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, wakiwemo waliopitia mpango wa kitaifa wa Ajira Digital, hunakili sauti kuwa maandishi, hujibu simu za wateja na hufundisha lugha kupitia kompyuta. Wanafunzi wa vyuo huhudhuria masomo wakiwa nyumbani. Tangu mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, Idara ya Mahakama imekuwa ikisikiliza kesi nyingi kwa njia ya video, na mwenye kesi anaweza kutoa maelezo yake akiwa mbali na chumba cha mahakama.

Lipo pia suala la uraia. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwezesha wananchi kushiriki katika kazi zake. Vikao vya maoni vinapofanyika mtandaoni, mkazi ambaye sauti yake inakatikakatika huwa kama hakuhudhuria. Atahesabiwa kwenye orodha, lakini hoja yake kuhusu barabara au zahanati haitaandikwa.

Bluetooth hufanyaje kazi

Hedifoni nyingi zisizo na waya huwasiliana na kompyuta kupitia Bluetooth. Teknolojia hii ilianza kubuniwa mwaka wa 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi, na jina lake linatokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kinachobeba sauti ni mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo hayalipiwi leseni, na kwa sababu hiyo yana watumiaji wengi: Wi-Fi, kipanya kisicho na waya, hata jiko la maikrowevu.

Ili kuepuka msongamano, Bluetooth huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde. Ni kama bodaboda anayepenya katikati ya magari siku ya soko. Hufika, lakini magari yakizidi naye hukwama.

Hedifoni za kawaida hufanya kazi vizuri umbali wa hadi mita 10 hivi, mahali pasipo na kizuizi. Ukuta wa mawe, kabati la chuma na hata mwili wa mtu hupunguza umbali huo, kwa maana maji yaliyomo mwilini humeza mawimbi ya masafa haya. Mtu akiwa na kompyuta nyuma yake na kifaa chenyewe kiko mbele ya kifua, mwili wake mwenyewe ni ukuta.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni chaji. Hedifoni zenye betri iliyo karibu kuisha hukatika hovyo, na mwenyewe hudhani ni hitilafu nyingine.

Hatua ya pili ni kuzima Bluetooth kwenye simu. Hedifoni zilizozoea simu fulani hukimbilia simu hiyo pindi zinapowashwa, na kompyuta hubaki ikitafuta bila kuziona. Katika nyumba yenye simu nne na hedifoni moja, hili ndilo kosa la mara nyingi zaidi. Simu ya kaka iliyo chumba cha pili inaweza kuwa ndiyo imezishika.

Hatua ya tatu ni kuziweka hedifoni katika hali ya kutafutwa. Kwa aina nyingi, kitufe cha kuwashia hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa mpaka taa ndogo ianze kumetameta haraka. Kwa zile ndogo zinazokaa kwenye kasha, mara nyingi kitufe huwa kwenye kasha lenyewe, na kasha huachwa wazi. Taa ikiwaka bila kumetameta, kifaa kimewashwa tu na hakijawa tayari kuunganishwa.

Hatua ya nne ni kwenye kompyuta. Katika Windows 11, mtumiaji hufungua Settings, huingia Bluetooth & devices, kisha hubonyeza Add device na kuchagua Bluetooth. Katika Windows 10, sehemu hiyo iko chini ya Devices. Katika kompyuta za Mac, hufungua System Settings, kisha Bluetooth. Jina la hedifoni likitokea hubonyezwa. Kifaa cha zamani kikiomba namba ya siri, mara nyingi namba hiyo ni 0000.

Iwapo sehemu ya Bluetooth haionekani kabisa, huenda kompyuta haina Bluetooth ndani yake. Kompyuta nyingi za mezani, kama zile za saiba, ziko hivyo. Dawa ni kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Hatua ya tano husahaulika na wengi. Kuunganishwa hakumaanishi kwamba sauti itapita huko. Wakati mwingine kompyuta imeandika kwamba hedifoni zimeunganishwa, lakini sauti inaendelea kutoka kwenye spika za laptopu. Hapo mtumiaji hubonyeza alama ya spika iliyo karibu na saa, pembeni chini ya skrini, na kuchagua jina la hedifoni kuwa mahali pa kutolea sauti.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kompyuta za saiba au za maktaba: kazi ikiisha, jina la hedifoni liondolewe kwa kubonyeza Remove device. Kifaa cha mtu hakipaswi kubaki kimefungamana na kompyuta inayotumiwa na umma.

Njia mbili, moja pana na moja nyembamba

Sasa imefika sehemu iliyomponza binti wa mahojiano.

Hedifoni ya Bluetooth ina njia mbili za kubeba sauti. Ya kwanza inaweza kuitwa njia ya muziki. Ni pana, lakini ni ya upande mmoja: sauti hutoka kwenye kompyuta kwenda masikioni tu. Kwa kawaida, sauti katika njia hii hupimwa mara 44,100 kwa sekunde au zaidi, na sikio la kushoto na la kulia hupata sauti zao tofauti. Ndiyo maana wimbo ulisikika safi na mpira ukapendeza.

Ya pili ni njia ya simu. Hii huruhusu sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, yaani kusikiliza na kuongea. Lakini njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na ni nyembamba. Katika mfumo wake wa zamani, sauti hupimwa mara 8,000 tu kwa sekunde. Katika mfumo ulioboreshwa hupimwa mara 16,000. Masikio yote mawili hupewa sauti moja ile ile. Herufi kama s, f na th hupoteza makali yake, na neno "sita" linaweza kusikika kama "fita".

Maikrofoni ya hedifoni inapoanza kutumika, kompyuta huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu. Huhama yenyewe, bila kuuliza na bila kuonya. Zoom, Google Meet au Teams ikifunguliwa na kuiomba maikrofoni ya hedifoni, sauti hubadilika palepale. Programu hiyo ikifungwa, sauti safi hurudi. Kwa hiyo mtu akijaribu hedifoni zake kwa wimbo kabla ya mkutano, anajaribu njia moja, halafu mkutanoni anatumia nyingine.

Dalili yake ni rahisi kutambua. Sauti ikiwa nzuri kwenye muziki na mbaya mara tu mkutano unapoanza, tatizo ni mabadiliko ya njia. Hedifoni hazijafa.

Katika Windows 10, njia hizi mbili huonekana kama majina mawili ya kifaa kimoja: moja lina neno Stereo, jingine lina neno Hands-Free. La kwanza ndilo la muziki, la pili ndilo la simu. Katika Windows 11 majina hayo yameunganishwa kuwa moja, lakini uhamaji wenyewe kwa hedifoni za kawaida unaendelea chini kwa chini.

Kuna pia mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth uliokuja na toleo la 5.2, lililotangazwa mwaka wa 2020. Mfumo huo unaweza kubeba sauti nzuri kwenda na kurudi, lakini lazima kompyuta na hedifoni vyote viwili viwe na uwezo huo. Hedifoni mpya kwenye laptopu ya zamani haitaleta tofauti. Hiyo ndiyo sababu pesa za chama zingeweza kupotea bure.

Tiba tatu za tatizo hili

Tiba ya kwanza haina gharama. Mtumiaji hugawa kazi: hedifoni zisikilize, na maikrofoni ya laptopu iongee. Kwenye Zoom, kuna mshale mdogo kando ya alama ya maikrofoni. Ukibonyezwa hutoa orodha mbili, ya spika na ya maikrofoni. Kwenye spika huchaguliwa jina la hedifoni, na kwenye maikrofoni huchaguliwa ile ya laptopu yenyewe. Google Meet na Teams zina mpangilio kama huo. Kwa kuwa maikrofoni ya hedifoni haitumiki tena, njia ya muziki hubaki. Mtumiaji husikia vizuri, na mara nyingi wenzake nao humsikia vizuri zaidi.

Tiba hii ina mpaka wake. Maikrofoni ya laptopu husikia kila kitu chumbani: mvua juu ya mabati, honi za matatu, jogoo, mashine ya kusaga, mtoto anayelia. Inafaa mahali palipotulia, laptopu ikiwa karibu na mzungumzaji. Penye kelele, ni afadhali kubaki na maikrofoni ya hedifoni. Sauti yake nyembamba lakini iliyo karibu na mdomo ni bora kuliko sauti pana iliyojaa mvua.

Tiba ya pili ni waya. Hedifoni za kawaida za simu, zenye maikrofoni kwenye waya, hufanya kazi kwenye laptopu nyingi zenye tundu moja la duara. Hazina njia mbili za kuhama, hazihitaji chaji na hazigombani na Wi-Fi. Kompyuta za mezani nyingi zina matundu mawili, la kijani kwa spika na la waridi kwa maikrofoni, kwa hiyo hedifoni za pini moja huhitaji kigawanyaji kidogo. Kwa jambo zito kama mahojiano, kesi au mtihani wa mdomo, waya bado ni rafiki wa kuaminika. Anayependa kutumia zisizo na waya na awe nazo, lakini za waya ziwe mezani kama akiba.

Tiba ya tatu ni ya wanaosikiliza tu, kwa mfano mwanafunzi anayefuatilia somo bila kuongea. Katika Windows 10, huyu achague lile jina lenye neno Stereo. Pia afunge programu yoyote inayoshikilia maikrofoni bila yeye kujua. Zoom iliyoachwa wazi tangu asubuhi, au ukurasa wa Meet uliosahauliwa, unaweza kuendelea kuibana njia ya simu. Maikrofoni inapotumika, Windows huonyesha alama yake ndogo karibu na saa. Alama hiyo ikionekana na mtu haongei na yeyote, kuna programu ya kufungwa.

Sauti inapokatikakatika

Sauti nyembamba ni tatizo moja. Sauti inayoruka na kukatika ni jingine, na dawa yake ni tofauti.

Mara nyingi chanzo ni msongamano wa mawimbi. Simu inayotoa intaneti ya hotspot ikiwa imelala karibu kabisa na laptopu, mara nyingi kwa masafa yale yale ya gigahezi 2.4, Wi-Fi na Bluetooth hugombania hewa moja. Simu isogezwe hatua kadhaa kutoka kwenye kompyuta. Ikiwa simu au kisanduku cha Wi-Fi kina masafa ya gigahezi 5, yatumiwe hayo, ili Bluetooth ibaki na nafasi yake. Njia nyingine ni kuiunganisha simu na laptopu kwa waya wa USB na kupitishia intaneti humo.

Kwa kompyuta ya mezani, kifaa cha Bluetooth kilichochomekwa nyuma ya sanduku la chuma, chini ya meza, kimefungiwa. Pia matundu ya USB 3, ambayo mengi yana rangi ya buluu ndani, hutoa kelele ya mawimbi katika masafa ya gigahezi 2.4 yanapotumika. Kifaa kihamishiwe tundu la mbele, au kiwekwe kwenye waya mfupi wa kuongezea ili kikae juu ya meza.

Ikiwa hali haibadiliki, muunganisho wenyewe huenda umeharibika. Jina la hedifoni huondolewa kwenye kompyuta kwa Remove device, kompyuta huzimwa na kuwashwa, kisha hatua za kuunganisha hurudiwa tangu mwanzo. Ni kazi ya dakika tatu na huponya matatizo mengi. Tatizo likibaki hata baada ya hapo, sasisho za Windows ziwekwe, na programu ya Bluetooth ya kompyuta ipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza laptopu, si kutoka tovuti ngeni zinazoahidi kuharakisha kompyuta.

Sikio moja likiwa kimya, mara nyingi kipande hicho hakikukaa sawasawa kwenye kasha na hakikupata chaji. Sehemu za shaba zinazogusana zipanguswe kwa kitambaa laini kikavu.

Ni hedifoni au ni mtandao?

Wahenga walisema mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Sauti ikiharibika mkutanoni, wengine husingizia mtandao na wengine husingizia hedifoni, na hakuna aliyepima. Kipimo kipo, ni cha bure, na hakihitaji hata bando.

Mtumiaji huzima intaneti kabisa. Hufungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye Windows, inayoitwa Sound Recorder au Voice Recorder. Huvaa hedifoni zake na kurekodi nusu dakika akiongea kama atakavyoongea mkutanoni: jina lake, mahali anakotoka na sentensi mbili tatu. Kisha husikiliza alichorekodi kupitia spika za laptopu.

Iwapo sauti iliyorekodiwa ni mbaya, tatizo liko kati ya mdomo na kompyuta, na tiba zilizotajwa ndizo zake. Iwapo sauti ni nzuri hapo lakini mbaya mkutanoni, tatizo ni intaneti. Sauti ya mtu inayogeuka kuwa kama ya roboti, kisha ikakimbia haraka kufidia maneno yaliyochelewa, ni dalili ya mtandao dhaifu. Hapo dawa ni kuzima video. Mazungumzo ya sauti peke yake huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde au chini ya hapo, ilhali video nzuri huhitaji mara kadhaa zaidi. Kuomba radhi na kuzima kamera ni afadhali kuliko uso unaoonekana na maneno yasiyosikika.

Na iwapo rekodi haina sauti yoyote, kompyuta huenda imeinyima programu ruhusa. Mtumiaji huingia Settings, kisha sehemu ya Privacy, kisha Microphone, na kuhakikisha kwamba ruhusa imewashwa. Hedifoni nyingine zina kitufe cha kunyamazisha ambacho hubonyezwa kwa bahati mbaya wakati wa kuvaa. Nacho kiangaliwe.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Haraka haraka haina baraka. Yafuatayo hufanywa siku moja kabla, si dakika tano kabla:

1. Hedifoni na laptopu zijazwe chaji, maana umeme hauahidi.
2. Hedifoni ziunganishwe, na Bluetooth ya simu zote za nyumbani izimwe.
3. Rekodi ya nusu dakika ifanyike na isikilizwe.
4. Programu ya mkutano ifunguliwe, na spika na maikrofoni zichaguliwe kwa majina. Zoom ina kitufe cha kujaribu spika na maikrofoni kwenye mipangilio yake ya sauti, na hakihitaji mtu wa pili.
5. Jaribio lifanyike kwa mkutano halisi. Ndugu, jirani au rafiki apigiwe kupitia programu ile ile na aulizwe: "Unanisikiaje?" Wimbo si jaribio.
6. Hedifoni za waya ziwekwe mezani.
7. Chumba kichaguliwe mapema. Chenye mapazia, kitanda na nguo ni bora kuliko sebule tupu, kwa sababu vitu laini humeza mwangwi.

Neno moja kwa wanaonunua. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji aziunganishe hedifoni na apige simu nazo pale pale dukani. Anayejaribiwa kwa muziki peke yake amejaribiwa nusu. Na ajue kwanza kompyuta yake ina Bluetooth ya toleo gani, maana fedha zitakuwa zimetumika vibaya ikiwa kifaa kipya kitalazimika kurudi kwenye njia ile ile ya zamani.

Binti alipoitwa mara ya pili

Katika mfano wa leo, binti yule hakununua hedifoni nyingine. Jirani anayefanya kazi za mtandaoni alimwonyesha zile orodha mbili kwenye Zoom. "Hapa ndipo ulipokwama, mdogo wangu," alimwambia. "Wimbo ulipita barabara kubwa, wewe ukapitishwa kwenye kichochoro." Siku mbili baadaye wanaohoji walimtafuta. Aliketi chumba cha ndani, hedifoni za kaka yake masikioni, maikrofoni ya laptopu ikiwa imechaguliwa, simu yenye hotspot ikiwa kwenye dirisha, na hedifoni za waya kando ya kitabu chake.

"Shikamooni. Mnanisikia vizuri?"

"Marahaba. Tunakusikia vizuri sana, dada. Endelea."

Iwapo alipata kazi hiyo au hakupata, jambo hilo sasa lilikuwa mikononi mwa majibu yake na uwezo wake, wala si mpangilio wa kompyuta. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kila mkazi, awe anatafuta kazi, anajibu kesi au anatoa maoni kuhusu bajeti ya wadi yake.

Kuuliza si ujinga. Aliyekwama katika hatua yoyote na aje na hedifoni zake na kompyuta yake kwenye mafunzo yajayo, au amwombe kijana wa jirani amwongoze kwa maandishi haya. Na anayejua tayari amfundishe mwingine mmoja nyumbani kwake.